Baba Anavyoomba Kwenye Gari la Mama

Tulikuwa tunakutana nyuma ya duka la samani, kando ya barabara kuu ya 169 huku Minnesota, Marekani, karibu katikati ya safari yake na safari yangu. Mke wangu alikuwa anatoka kaskazini, amemaliza zamu ya mchana katika makao ya wazee anakofanya kazi. Mimi nilikuwa natoka Savage, tunakoishi, nikiwa na watoto wetu wawili kwenye kiti cha nyuma, naelekea Maple Grove kuanza zamu ya jioni. Yeye alichukua watoto, mimi nikaishika barabara aliyokuja nayo. Mmoja akichelewa, mwingine alikaa ndani ya gari, injini ikinguruma, akitazama malori yakishusha makochi yaliyofungwa nailoni.

Kazi kubwa ya makabidhiano hayo ilikuwa kiti. Tulikuwa na kiti kimoja tu cha gari cha mtoto mdogo. Cha pili kilivunjika kifungo wakati wa baridi kali, na kila wiki tulisema tutanunua kingine. Kwa hiyo nilikifungua kwenye gari langu, nikakibeba juu ya theluji iliyokanyagwa ikawa barafu, naye akakipokea upande wa pili. Tukakisukuma, tukavuta mikanda, tukasikiliza kifungo kibane. Mwenye kiti, mvulana wetu wa miaka mitatu, alisimama katikati yetu ndani ya koti lake la buluu kama mzigo unaosubiri kupakiwa. Dada yake, aliye darasa la kwanza, alijihamisha mwenyewe. Tukiwa tumeinama hivyo tulipeana habari: nani amekula, nani ana kikohozi, karatasi gani ya shule inataka sahihi. Kisha busu la haraka, pua zote mbili baridi, na milango ikafungwa.

Sisi hatukuwa wa ajabu. Katika eneo lile lile la maegesho niliwaona wengine wakifanya kama sisi: mwanamume na mwanamke, magari mawili mgongo kwa mgongo, mtoto akipitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Baadhi niliwatambua kwa kofia zao na kwa lugha zao kuwa ni watu wa kwetu. Tulipungiana mkono. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza zaidi.

Tulipokuwa tukiishi Nakuru, mwanzoni mwa ndoa yetu, tuliomba pamoja kila jioni baada ya vyombo kuoshwa. Halikuwa jambo kubwa. Mmoja alisoma sura moja ya Biblia kwa sauti, mwingine akaomba, na mara nyingi msomaji alisinzia kabla ya amina. Lakini hapo ndipo siku yetu ilipofungwa. Ugomvi wowote uliokuwapo ulilazimika kuisha hapo, au angalau kukaa kimya, kwa sababu ni vigumu kumtaja mtu mbele za Mungu huku umemnunia.

Huku Minnesota ibada ile haikufa kwa uamuzi wa mtu. Ilikufa kwa ratiba. Akiwa nyumbani mimi niko kazini, nikirudi amelala, na akiamka mimi ndiye niliyelala. Wikendi tulifanya kazi kwa kupokezana, kwa hiyo hata kanisani alikwenda mmoja na watoto, na Jumapili iliyofuata mwingine. Tulikuwa tunaabudu kwa zamu, kama tunavyolinda wagonjwa.

Yeye ndiye aliyepata njia ya kutokea, au tuliyodhani ni njia ya kutokea. Asubuhi moja niliamka nikakuta ujumbe wa sauti kwenye simu. Nilidhani ni habari za watoto. Ilikuwa sala. Alikuwa amejirekodi akiwa amesimama kazini, katika chumba cha mashuka, akaniombea mimi, akawaombea watoto, akamwombea mama yake aliye Nyandarua, akasema amina. Mwisho akaongeza, bado akinong'ona, "Sasa wewe. Nitumie yako niisikilize nikiwa njiani."

Nikamtumia. Kuanzia siku hiyo tukawa na utaratibu. Yeye aliomba asubuhi katika chumba cha mashuka, mimi niliomba mchana, nimekaa jikoni, kabla ya kwenda kuwachukua watoto, naye akaisikiliza sala yangu garini. Tuliongeza na kusoma. Tulikubaliana kuisoma Injili ya Luka, sura moja kila siku, kila mtu kwa wakati wake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Yeye alikuwa na mapumziko ya chakula, mimi sikuwa nayo. Baada ya muda mfupi tu yeye alikuwa amefika kwa mwana mpotevu na mimi bado niko kwa wachungaji wa kondoo usiku wa kuzaliwa. Aliniambia sala zangu zimebaki Krismasi.

Naweza kueleza kwa nini sikuwa na mapumziko. Mahali ninapofanya kazi ni nyumba ya kawaida ya mtaani, yenye gereji na nguzo ya mpira wa kikapu iliyoachwa na wenye nyumba wa zamani. Ndani wanaishi watu wazima wanne wasioweza kuachwa peke yao hata kidogo. Anayewatunza huwa ni mmoja kwa zamu. Jambo la kwanza unalofundishwa ni kwamba huondoki mpaka anayekupokea awe ameingia mlangoni. Dhoruba ikija na mwenzako akakwama, unabaki. Mtoto wako akiugua, unabaki, unapiga simu, unabaki. Ukitoka, umewatelekeza watu, na huko ni kuipoteza kazi na leseni pamoja. Kwa hiyo uhuru wa kila mmoja wetu umefungwa kwenye usukani wa mwingine. Mimi nilimfungulia mlango yule wa mchana, Mtanzania mmoja, yule wa usiku akanifungulia mimi, na mke wangu huko kwake alikuwa amefungwa kwenye mnyororo kama huo huo.

Jumapili moja ambayo ilikuwa zamu yangu kufanya kazi, mchungaji wetu alihubiri juu ya madhabahu ya familia. Kanisa letu linakutana katika jengo la kukodi mjini Saint Paul, na wengi wetu ni watu wa kazi za hospitali na matunzo. Nilisimuliwa mahubiri hayo na binti yangu kabla mama yake hajanisimulia. Mchungaji alisema nyumba isiyo na saa ya maombi ni nyumba isiyo na mlango. Kisha akawaomba wanandoa walioomba pamoja wiki hiyo wasimame.

Binti yangu alinieleza kwa Kiingereza, kama anavyonieleza kila kitu, kwamba walisimama wachache na kwamba Mama alisimama peke yake.

Baadaye nilimuuliza mke wangu. Alikubali, akiwa anachomeka mkanda wa kiti. Akasema watu walikuwa wakitazama nafasi tupu iliyo kando yake, na mama mmoja wa kwaya akamtazama kwa huruma kana kwamba amefiwa.

"Ungekaa tu," nikamwambia.

"Nikae kwa nini? Si tunaomba?" Akavuta mkanda kwa nguvu. "Au hatuombi?"

Nikasema tunaomba. Nilikwenda Maple Grove siku hiyo nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa muda mrefu. Niliona kwamba amesimama kwa niaba yetu wote wawili na kwamba kile chumba cha mashuka na kile kiti changu cha jikoni ni madhabahu kama nyingine, ila yenye vipande viwili.

Furaha hiyo haikudumu. Ilikuwa alasiri ya baridi ile inayofanya kope zishikane. Tulikuwa tumemaliza kufunga kiti, watoto wako ndani ya gari lake, na mimi nimesimama nje ya dirisha nikimfutia theluji kwenye kioo. Alikuwa amezima injini tulipokuwa tukifunga. Alipoiwasha tena, simu yake ikajiunga yenyewe na spika za gari na kuendelea na kile alichokuwa akisikiliza aliposimama. Sauti ikatoka kubwa, ndani ya gari na nje. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mbio, ya mtu anayekimbizwa. Nilitambua neno "Nyandarua" kabla sijatambua sauti. Ilikuwa yangu. Ilikuwa sala yangu ya mchana ule, imeongezwa kasi maradufu.

Mke wangu akaigonga simu, ikanyamaza. Mvulana wetu alikuwa anacheka, mkono kinywani. Binti yangu, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu chake cha picha, akasema kwa Kiingereza kwamba ndivyo Baba anavyoomba kwenye gari la Mama.

Nilibaki nimeshika kile kifuta theluji. Naweza kusema niliwaza nini: niliwaza juu ya yule mama wa kwaya na ile nafasi tupu.

Alishusha kioo kidogo tu, kiasi cha kupitisha maneno. "Baba watoto, usinitazame hivyo. Nikiisikiliza kwa mwendo wako nafika hapa bado unamshukuru Mungu kwa theluji."

"Tangu lini?"

"Wewe nenda, utachelewa. Mtanzania anakungoja."

Na kweli ilibidi niende. Hilo ndilo lililoniuma kuliko sauti yenyewe. Kule Nakuru tungekaa kitandani tukalimaliza. Hapa nilipewa maumivu yangu mkononi kama kifurushi na nikaambiwa niende nayo kazini.

Zamu hiyo nilipika tambi, nikagawa dawa za jioni, nikatazama kipindi cha mashindano ya maswali kwenye televisheni pamoja na mama mmoja mkazi wa nyumba ile, mwanamke wa makamo anayetembea kwa kigari cha kushikilia na anayependa kurudia kila anachoona kinafanywa. Nikiinua kikombe, naye anainua. Wakati wote huo nilikuwa najisikiliza kichwani, kwa ile sauti ya mbio. Na kwa kuwa nilijisikiliza, nilianza kusikia kitu nisichotaka kusikia. Sala zangu zote zilikuwa na mpangilio mmoja. Shukrani, hali ya hewa, watoto kwa umri, wazazi wangu, wazazi wake, kazi, serikali zote mbili, amina. Kabla ya kuja huku nilikuwa mtangazaji wa habari katika redio ndogo ya mkoani, na baada ya kuja nikafundishwa kutoa ripoti ya zamu: nani amelala, nani amekataa chakula, nani ana homa. Ungeweza kuongeza kasi ya sala zangu mara tatu na usikose chochote, kwa sababu ulijua kinachofuata.

Tulizungumza siku ambayo sote wawili tulikuwa na mapumziko, tukikunja nguo. Alianza yeye. Alisema mwanzoni alikuwa akizisikiliza kwa kasi ya kawaida na kulia. Kisha akaanza kuona kwamba humo ndani yeye hayumo.

"Unanitaja," akasema. "Unasema, umbariki mke wangu na kazi yake. Hata meneja wetu husema hivyo siku ya sherehe. Unampelekea Mungu ripoti. Yeye si ndiye aliyekuwa zamu usiku kucha?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini hakuna aliyefurahi. Nikamuuliza anataka nini. Akakunja soksi kadhaa kabla ya kujibu. Alisema anataka kuomba na mtu aliye hapo. Si sauti. Kama muda pekee tulio nao ni ule wa nyuma ya duka la samani, basi na iwe pale, ndani ya gari moja, mlango umefungwa, hata kama ni kidogo. Akasema kitu kingine ambacho sijakisahau: kwamba hakujua tena kama anaomba au anatuma ujumbe tu, na kwamba siku ile kanisani alisimama ili kuona kama miguu yake itaamini.

Tukaanza. Niliondoka nyumbani mapema kidogo, yeye akaacha kupiga soga na wenzake mlangoni. Tulikaa viti vya mbele vya gari lake, watoto nyuma wakigombania biskuti, hita ikituvumia usoni. Tuliianzia ile Injili mahali nilipokuwa mimi, akarudi nyuma kunifuata, akasoma mistari michache kwa sauti. Tukashikana mikono. Mimi nilijaribu kuomba bila mpangilio na nikagundua kwamba sina maneno. Kwa siku kadhaa nilikuwa nasema sentensi moja, nanyamaza, halafu yeye anaendelea. Mvulana aliuliza kama Baba ameharibika.

Ilikuwa nzuri. Lakini tayari tulikuwa tunamega kitu cha mtu.

Mtanzania niliyempokea zamu ni mtu wa Songea, Mkatoliki, mrefu, mwenye masharubu yaliyokatwa kwa uangalifu. Anaongea Kiswahili kinachonifanya nijione mtoto wa shule. Huniambia sisi Wakenya tunaomba kama watu wanaoagiza nyama choma, kwa kupaza sauti ili mhudumu asisahau. Alikuwa hanikaripii. Nilipoanza kufika baada ya saa yangu, kwanza kidogo, kisha kidogo zaidi, nilimkuta amevaa koti tayari, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa ndani, viatu vya theluji miguuni. "Umefika, kaka," alisema, na kutoka. Nilijua ana haraka. Sikuwa nimemuuliza ya wapi. Nilidhani ni kazi nyingine, kama wengi wetu.

Kisha ikaja ile Ijumaa, Kwaresima ikiwa imeshaanza. Mke wangu alifika. Tulifunga kiti, tukaingia, sikumbuki hata tulisoma nini. Nilisema sentensi yangu moja na kunyamaza ili aendelee. Kisha akaanza, na hakuwa anaomba kwa namna niliyoizoea. Alimwambia Mungu kwamba amechoka kuwa mtu wa kupokea na kukabidhi. Kwamba wazee anaowaosha wanaijua mikono yake kuliko watoto wake. Kwamba kila mlango anaoingia kuna mtu anangoja atoke. Kwamba anaona aibu kusema haya, kwa sababu ndiyo maisha tuliyoomba, tulifunga na kuomba ili tuyapate, na sasa hajui aombe nini ili atoke humo. Alikuwa analia kwa sauti ndogo ili watoto wasisikie, na watoto walikuwa wamenyamaza kabisa.

Nilitazama saa ya gari. Najua niliitazama kwa sababu yeye pia aliniona nikiitazama.

"Nenda," akasema.

Sikwenda. Nilimtumia Mtanzania ujumbe kwamba nimechelewa, tafadhali anivumilie, nikaiweka simu kifudifudi. Nilikaa. Sikuomba chochote cha maana. Nilishika mkono wake na kusema "Bwana" mara kadhaa na kukwama hapo hapo. Malori yalimaliza kushusha na kuondoka. Tulipoachana, magari ya watu wanaorudi makwao yalikuwa yameshaijaza barabara kuu, na nilitambaa hadi Maple Grove nyuma ya taa nyekundu.

Niliegesha mbele ya gereji nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri, na kupitia dirisha kubwa la sebuleni nilimwona Mtanzania amesimama mbele ya mlango wa chumba cha mkazi mmoja, kofia mkononi, kichwa kimeinama. Nilidhani kuna aliyefariki. Kisha akapiga goti moja, akainuka, akasogea mlango unaofuata. Nyuma yake alikuwa yule mama wa kigari cha kushikilia, akimfuata hatua kwa hatua, na kila alipoinama naye aliinamisha kichwa.

Niliingia polepole. Alinisikia, akainua kidole kunionyesha nisubiri, akaendelea. Alikuwa anafanya Njia ya Msalaba, ile sala ya Kikatoliki ya kumfuata Yesu kituo kwa kituo hadi kaburini. Nimekaa na Wakatoliki vya kutosha kujua vituo ni kumi na vinne, na nyumba ile haina milango kumi na minne. Kwa hiyo vyumba vya wakazi vilikuwa vituo, na bafu lilikuwa kituo, na kabati la dawa, na mashine ya kufulia, na friji yenye picha za sikukuu. Mbele ya mlango wa gereji alinong'ona kwa muda mrefu kidogo. Mimi nilisimama kwenye zulia la mlangoni, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyangu, nikimngoja. Nikafahamu kwamba sikuwa nimewahi kumngoja.

Alipomaliza, alivaa kofia yake. Yule mama akamwambia kwa Kiingereza, "Tena." Mtanzania akamwahidi wiki ijayo.

Nikaanza maneno yangu. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa naomba na mke wangu, kwamba alikuwa katika hali mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Pole sana, kaka. Na shemeji mpe pole." Akafunga zipu ya koti. "Lakini uelewe. Muda huo uliomwombea mkeo ulikuwa wangu. Kanisani kwetu Njia ya Msalaba inaanza muda mfupi baada ya saa unayopaswa kuingia mlango huu. Ijumaa zote hizi nimefika wakiwa kwenye kaburi."

"Ungeniambia."

"Nikuambie uache kuomba?" Akatabasamu kidogo. "Mimi nimefungwa humu, si mwendawazimu."

Alinipa ripoti ya zamu, nani amekula, nani amekataa, akatoka. Nilimsikia akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, polepole, kama mtu ambaye sasa hakuwa na pa kuwahi.

Nilimwambia mke wangu Jumatatu iliyofuata, sote tumesimama nje nyuma ya duka la samani. Nilitaka atafute njia nyingine ya kutokea, kama alivyotafuta mwanzoni. Alifikiri. Tulijaribu kuihesabu siku yetu kutoka pande zote. Kuondoka kwangu mapema zaidi kulimaanisha kumtoa binti shuleni kabla ya kengele. Kuondoka kwake mapema zaidi kulimaanisha kumwacha mwenzake peke yake na wazee wanaongoja kubadilishwa. Kila tulipogusa, palikuwa na mtu upande wa pili. Hakukuwa na muda katika mji ule ambao haukuwa umeshikwa na mkono wa mtu.

"Basi Mtanzania aende kanisani," akasema mwishowe.

"Na wewe?"

Alikuwa ameshafungua mlango wa gari langu na kuanza kulegeza mikanda ya kiti. Nilizunguka upande wa pili kumsaidia. Tulikitoa, tukakibeba kati yetu juu ya barafu, kila mmoja ameshika upande wake, mtoto akitembea mbele kama mwongozaji wa msafara. Tulipofika katikati ya magari mawili, akaanza Baba Yetu. Si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia nishike vizuri. Nikaingia. Binti yangu akajiunga, kwa Kiswahili, bila kuulizwa. Ni kitu pekee anachojua chote kwa Kiswahili. Tuliingiza kiti, tukasukuma, tukavuta mikanda. Kifungo kilibana tukiwa kwenye mkate wa kila siku.

Tulisimama hapo sekunde moja, mikono yetu bado iko kwenye kiti. Kisha akanisukuma begani, kidogo tu, kuelekea gari langu.

Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Tumeshanunua kiti cha pili, kiko ndani ya boksi, na hakuna aliyependekeza kifunguliwe. Kusoma tunasoma peke yetu. Yeye ameimaliza Luka na mimi bado niko njiani. Sala za sauti ananitumia mara moja moja, fupi, na za kwangu sijui anazisikiliza kwa mwendo gani. Sijauliza. Tunaomba tukiwa tumebeba kiti, na kiti kikifungwa tunaacha, popote tulipofika. Hatujawahi kufika mwisho. Siku za barafu nyingi, tunapotembea taratibu, tunafika kwenye kusameheana makosa. Siku za upepo hatuvuki mapenzi yako yatimizwe.

Sehemu iliyobaki kila mmoja anaimalizia garini kwake, yeye akishuka kusini na watoto, mimi nikipanda kaskazini kwenda kumfungulia mtu mlango. Mara nyingi huwa nimefika kwenye amina kabla ya taa ya kwanza. Nikisimama hapo kwenye taa nyekundu hujiuliza yeye amefika wapi, na kama amenisubiri.